WAZAMIAJI NDANI YA TANGI LA SAMAKI

Ndugu msikilizaji, neno "mzamiaji" lina maana mbili katika Kiswahili chetu. Hapa Kigoma mzamiaji ni yule kijana apigaye mbizi kwenye miamba ya ziwa na kuibuka na samaki wadogo wa rangi, ambao husafirishwa kwa ndege kwenda kupamba nyumba za watu Ulaya, Marekani na Japani. Lakini kule bandarini Dar es Salaam na Mombasa mzamiaji ni mtu mwingine kabisa. Ni yule anayejipenyeza ndani ya meli usiku, hana tiketi wala pasipoti, na nahodha huja kumgundua meli ikiwa imekwisha fika katikati ya bahari. Leo nataka kuzungumzia mzamiaji wa aina hii ya pili, ambaye husafiri pamoja na samaki wa yule wa kwanza.

Mtu anayefuga samaki katika tangi la kioo, liwe la maji ya chumvi au la maji baridi, hudhani kwamba amenunua samaki sita, mawe manne na mmea mmoja. Kumbe amenunua pia vitu ambavyo havikuandikwa katika stakabadhi. Ndani ya tundu la jiwe mna mnyoo. Chini ya jani pana mayai ya konokono. Kwenye ubavu wa samaki amenata chawa. Baada ya wiki tatu au nne mwenye tangi anashangaa kuona viumbe ambao hakuwaleta, na wakati huo wenyewe wamekwisha zaa na kujenga.

Jambo hili si la matajiri wa Ulaya peke yao. Linamhusu kijana wa Kigoma anayeishi kwa kukamata samaki wa mapambo, linamhusu mwalimu mwenye tangi dogo darasani, na linamhusu kila mtu anayekula dagaa na migebuka wa ziwa hili. Nitaeleza kwa nini.

MAFUNZO KUTOKA BAHARINI

Wenye uzoefu mrefu wa wazamiaji hawa ni wafugaji wa matangi ya bahari, yale yenye matumbawe. Wao huweka ndani ya tangi mawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado na uhai: bakteria, mwani, sifongo na wadudu wadogo. Mawe hayo husafisha maji, na bila hayo tangi la matumbawe ni vigumu kusimama. Lakini jiwe lenye matundu mia ni nyumba yenye vyumba mia, na si rahisi kujua nani amelala chumba gani.

Mzamiaji asumbuaye kuliko wote ni aiptasia. Ni mnyama laini afananaye na ua dogo la rangi ya kahawia, mwenye minyiri mirefu inayowasha. Akipata nafasi hujaza mawe yote na kuyachoma matumbawe ya jirani. Mfugaji mgeni akimwona humkwangua kwa kisu. Hapo ndipo anapojiletea balaa, kwa sababu kila kipande kinachobaki huota na kuwa mnyama kamili. Ulikuwa na mmoja, sasa unao kumi. Njia inayofaa ni kumdunga kwa bomba la sindano lenye maji mazito ya chokaa, palepale mdomoni, akiwa amejifungua. Au kuleta adui yake, kwa maana wako kamba wadogo na samaki fulani wa jamii ya kipepeo wanaomla.

Wa pili ni kamba mwenye mikono ya kupigia. Huyu hujificha mchana na kuwinda usiku. Dalili zake ni mlio wa kugonga, ta! ta!, gizani, na samaki au kaa wanaopotea mmoja mmoja. Pigo lake lina nguvu ya kuvunja gamba la konokono. Dawa yake ni kulijua tundu lake, kulitoa jiwe zima na kulitia kwenye ndoo, kisha kumimina ndani ya tundu maji yasiyo na chumvi mpaka atoke. Usitie kidole.

Wa tatu ni mnyoo wenye manyoya, na huyu ametiwa hatiani kwa kuonewa. Manyoya yake kweli huwasha yakiingia kwenye ngozi, na huyatoa kwa kubandika utepe wa gundi na kuuvuta. Lakini minyoo mingi ya jamii hii hula mabaki ya chakula na mizoga, yaani hufanya kazi ya ufagio. Anayeiua yote hujikuta maji yake yamechafuka kuliko mwanzo.

Tunapata hapa kanuni ya kwanza, ndugu msikilizaji: mtambue kiumbe kabla ya kumhukumu. Jiulize maswali matatu. Je, anakula nini? Je, anamdhuru nani? Je, anaongezeka kwa kasi gani? Ukiisha pata majibu ndipo uchague kumwacha, kumpunguza au kumwondoa kabisa.

ZIWA LINALOFANANA NA BAHARI

Msikilizaji anaweza kuuliza, haya ya bahari yanatuhusu nini sisi tulio zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani? Yanatuhusu sana. Ziwa Tanganyika liliwahi kuwachanganya hata wataalamu. Mwingereza J. E. S. Moore alikuja hapa katika misafara miwili, mwaka 1896 na mwaka 1899, kwa sababu konokono wa ziwa hili wana magamba yanayofanana na ya bahari, na humo mna yavuyavu, yule mnyama laini mithili ya uji ambaye wengi wamezoea kumwona pwani tu. Moore aliamini kwamba ziwa hili zamani lilikuwa mkono wa bahari, akaandika kitabu juu ya fumbo hilo kilichotoka mwaka 1903. Baadaye ilithibitika kwamba sivyo. Ziwa letu limezaliwa na Bonde la Ufa, lina umri wa mamilioni ya miaka na kina cha mita 1,470, na viumbe wake wamejigeuza humuhumu ndani.

Ziwa hili lina aina zipatazo 250 za samaki wa jamii moja na ngege na kuhe, na karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Biashara ya kuwauza wadogo wenye rangi ilishika kasi katika miaka ya 1970, hasa kutoka Bujumbura, ambako Pierre Brichard alikuwa na kituo chake cha kusafirisha samaki. Baadaye Kigoma nayo na upande wa Zambia wakaingia. Na kwa kuwa samaki hawa ni wa kwenye miamba, matangi yao nayo hujengwa kwa mawe mengi, kama yale ya matumbawe. Vyumba vya kujificha ni vingi vilevile.

WAZAMIAJI WA KWETU

Tuwaangalie mmoja mmoja.

Chawa wa samaki. Ni mdudu bapa, wa mviringo, anayeonyesha mwanga kama kipande cha ukucha, mwenye vikombe viwili vya kunatia. Ziwa Tanganyika lina aina nyingi za chawa hawa, na Mwingereza W. A. Cunnington, aliyefika hapa mwaka 1904, ni miongoni mwa waliowaeleza mapema. Ziwani samaki mwenye chawa mmoja au wawili huishi, maana ziwa ni pana. Lakini ndani ya tangi, au ndani ya mfuko wa plastiki wa kusafirishia, samaki hana pa kukimbilia. Dalili ni samaki kujisugua kwenye mawe, kurukaruka na kuwa na alama nyekundu ubavuni. Mkamate kwa wavu laini, mlaze juu ya kitambaa kilicholowa, mng'oe chawa kwa kibanio. Lakini kazi haijaisha. Chawa jike humwacha samaki na kutaga kwenye mawe na kioo, safu za mayai kama vitone vya gundi. Usipoyakwangua hayo mayai, baada ya wiki chache utaanza upya.

Ruba na minyoo ya matamvua. Ruba huonekana kwa macho, naye hung'oka samaki akitiwa kwa dakika 5 hadi 10 katika maji yenye chumvi gramu 10 kwa kila lita. Mtazame muda wote. Akilala ubavu mrudishe mara moja kwenye maji yake. Minyoo ya matamvua haionekani kwa macho. Utaijua kwa samaki kuhema haraka akiwa juu ya maji, au kufunga tamvua moja na kupumulia lingine. Huyu ndiye mzamiaji mbaya kwa mfanyabiashara, maana husafiri bila kujulikana na kuua samaki wakati tayari wako kwa mnunuzi.

Haidra. Ni binamu wa yule aiptasia wa baharini na wa yavuyavu wa ziwani. Huonekana kama uzi mfupi uliopasuka ncha, umenata kwenye kioo. Ukiugusa hujikunja na kuwa kitone. Hula vifaranga vya samaki. Naye ukimkata huota upya, kwa hiyo usimkwangue ndani ya maji. Punguza chakula kwanza, kwani haidra huongezeka pale chakula kinapobaki. Wakizidi, hamisha samaki, toa maji yote, osha tangi kwa dawa ya klorini, suuza mara nyingi na ulianike juani.

Kiluwiluwi cha kereng'ende. Huyu huja katika majani ya maji yaliyochumwa bwawani. Ni wa rangi ya matope, ana miguu sita, na mdomo wake hufyatuka mbele kama mkono. Ukikuta vifaranga vinapungua na hakuna mzoga, tafuta kwenye mizizi ya majani kwa kurunzi usiku. Mtoe kwa wavu, basi.

Konokono. Aina nyingi ndogo hujitosheleza: mmoja tu anaweza kutaga na kujaza tangi bila kuhitaji mwenzi. Mayai yake hukaa chini ya majani ndani ya utando kama ute. Akiwa mwingi ujue unalisha samaki kupita kiasi. Weka kisahani chenye kipande cha tango au jani la kabichi jioni. Asubuhi kiinue pamoja na konokono waliokusanyika. Rudia kila siku kwa wiki mbili. Wako wanaoshauri mrututu. Mimi nasema uogope. Mrututu huua konokono kweli, lakini huua na kamba, huweza kuua samaki, na konokono mia wakifa kwa mpigo huozesha maji. Katika tangi la bahari ni balaa, kwa kuwa shaba hunywewa na mawe na kukaa humo.

Juu ya konokono kuna jambo la afya. Baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba vimelea vya kichocho, na kichocho kipo kandokando ya ziwa hili. Kule Gombe watafiti wamekikuta hata kwa nyani. Kwa hiyo anayechuma majani au konokono kwenye maji yaliyotuama asitie mikono mitupu, na asiwape watoto wachezee. Huko Hong Kong, konokono wa Amerika ya Kusini anayeweza kubeba kichocho aligunduliwa kijitoni mwaka 1974. Inaaminika alifika na mimea ya matangi ya samaki.

Yuko na mzamiaji wa ajabu kuliko hao wote, naye ni samaki. Ni gogogo mwenye madoa meusi wa Ziwa Tanganyika. Samaki wengi wa miamba yetu hutaga mayai na mama huyaokota akayatunza kinywani. Wakati mama anataga, gogogo hupita kwa haraka na kudondosha mayai yake hapohapo. Mama huyaokota yote bila kubagua. Mayai ya gogogo huanguliwa mapema zaidi, na vifaranga vyake huwala watoto wa mwenye nyumba mlemle kinywani mwake. Jambo hili lilielezwa kisayansi na Mjapani Tetsu Sato mwaka 1986. Kwa hiyo mfugaji akimwona samaki wake mwenye mimba ya kinywani akatema gogogo, asidhani ni uchawi.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Baada ya kuwafahamu, tuone namna ya kuwazuia mlangoni.

Kwanza, karantini. Samaki mpya asiingie moja kwa moja kwenye tangi kubwa. Akae wiki nne katika tangi dogo tupu, lenye bomba moja la kujificha na kichujio chake, na wavu wake wa peke yake. Katika muda huo ruba na chawa huonekana, na mayai mengi huanguliwa ukiwa macho. Maji aliyokuja nayo mfukoni yasimiminwe tangini.

Pili, mawe. Mawe ya ziwani yasuguliwe kwa brashi ngumu, yamwagiwe maji yanayochemka, kisha yaanikwe juani kwa wiki mbili. Usiyatie motoni, kwani maji yaliyomo ndani yakipata joto huweza kulipasua jiwe likaruka vipande usoni. Magamba matupu ya konokono, ambayo ni nyumba za samaki wadogo waishio kwenye magamba, yachemshwe kwa dakika 10 na kukaushwa. Na usiyazoe kwa magunia, maana huko ziwani yana wapangaji.

Tatu, majani. Loweka katika maji ya shabu, kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4, kwa saa 2 hadi 3, halafu suuza sana. Shabu haimalizi mayai yote, kwa hiyo majani nayo yapitie karantini, na kila yai unalouona ulibandue kwa ukucha.

Nne, kurunzi. Funika kioo chake kwa karatasi nyekundu, tazama tangi saa moja baada ya kuzima taa. Wazamiaji wengi ni watu wa usiku.

Kwa mfanyabiashara wa Kigoma hayo yote ni mara mbili ya lazima. Mnunuzi wa ng'ambo aliyepokea samaki wenye chawa hatamlaumu chawa. Atalilaumu jina la Kigoma, na oda inayofuata ataipeleka kwingine.

USIMWAGE ZIWANI

Sasa nakuja kwenye nukta nzito kuliko zote. Mzamiaji ukiisha mkamata, unampeleka wapi? Na tangi likikuchosha, samaki na majani unayapeleka wapi? Wengi huona huruma, wakayamwaga kwenye mto au ziwa. Huruma hiyo imeigharimu dunia.

Mwaka 1984 mwani wa kigeni uliokuwa ukikuzwa kwenye matangi ulionekana baharini chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco. Baadaye ulitanda kwenye maelfu ya hekta za pwani ya Mediterania. Mwaka 1985 samaki mwenye miiba ya sumu, jamii ya wale wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, alionekana Florida, Marekani. Wataalamu wanaamini alitoka kwenye matangi ya watu. Leo ametapakaa hadi Karibiani na anawamaliza samaki wa huko. Na sisi wenyewe tunalikumbuka gugu maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, likasambazwa duniani kwa uzuri wa ua lake. Lilipoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, halikuacha bandari wala mwalo. Mitumbwi ilikwama na nyavu zikapotea. Ilibidi waletwe mbawakawa maalumu, walioachiliwa katika miaka ya 1990, ndipo gugu likapungua, na mpaka leo halijaisha.

Hata samaki wa ziwa lenyewe asimwagwe popote tu. Baadhi ya samaki wetu wa miamba hawavuki mchanga wala kina kirefu, kwa hiyo kila kipande cha mwambao kina rangi yake. Aliyekamatwa Mahale akimwagwa Kigoma ataoana na wa hapa, na rangi iliyochukua maelfu ya miaka itapotea. Jambo la namna hii limekwisha tokea Ziwa Nyasa, kwenye kisiwa cha Thumbi Magharibi upande wa Malawi, ambako samaki walioachiliwa na wafanyabiashara wa samaki wa mapambo wamechanganyika na wenyeji.

Ziwa Tanganyika ni la nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Zilitia saini mkataba wa pamoja wa kulitunza mwezi Juni mwaka 2003, na kuzuia viumbe wageni wasiingie ni mojawapo ya mambo yaliyokubaliwa. Lakini mkataba haulindi mfereji unaopita nyuma ya nyumba yako. Mji wetu umekaa kwenye mteremko, na maji yanayomwagwa Mwanga jioni huweza kuwa ziwani asubuhi.

Kwa hiyo fanya hivi. Majani na konokono yaanike juani mpaka yakauke kabisa, kisha yachome au uyafukie. Maji ya tangi yamwage kwenye udongo mkavu, shambani au chini ya mgomba, mbali na mfereji, mgomba utakushukuru. Samaki usiowataka wape mfugaji mwingine. Wakiwa wagonjwa, waue bila kuwatesa na uwafukie. Na ukiona ziwani kiumbe usichokijua, usikirushe majini tena. Kiweke kwenye chupa yenye pombe kali, andika mahali na siku ulipokiona, upeleke kwa Ofisa Uvuvi au kituo cha utafiti wa uvuvi, TAFIRI, hapa Kigoma.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mzamiaji mmoja ndani ya tangi ni mwiba. Ndani ya ziwa hakuna kibanio cha kumng'olea.